Keki Iliyopitia Zahanati

Kila asubuhi, kabla sijawasha mkaa, husimama mbele ya kioo changu kilichopasuka kona moja nikajiambia kwamba mimi ni mwokaji bora. Desturi hiyo niliitoa kwenye simu, kwa mtu mmoja mwenye suti ambaye huamka mapema ili awapigie kelele vijana wa nchi nzima. Tatizo ni kwamba siwezi kusema uongo nikijitazama machoni, hata kama uongo wenyewe ni wa kunisaidia. Kwa hiyo huongeza maneno. "Mimi ni mwokaji bora," nasema, "kwa kadiri mkaa wa leo utakavyoruhusu." Halafu naanza kuuogopa mkaa.

Naoka keki Kasulu, katika chumba nilichopanga nyuma ya soko. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video mpaka macho yakawasha, nikajaribu kwa sufuria, mchanga na mkaa juu ya mfuniko. Keki yangu ya kwanza niliiweka nje ipoe, mbuzi wa jirani akaja, akainusa, akaondoka. Mbuzi yule alikuwa anakula mifuko ya saruji. Siku hizi watu wananunua na wanarudi, lakini bado nikimkabidhi mteja keki yake huanza kwa kumwomba radhi. Namwonyesha mahali krimu ilipopinda, namwonyesha herufi iliyonenepa kuliko wenzake. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa aliniambia kwamba hakuwa ameiona kasoro ile mpaka nilipomwonyesha, na sasa haoni kitu kingine. Akaagiza nyingine, kwa sharti kwamba safari hiyo nikae kimya.

Mtu wa namna hii ndiye aliyekabidhiwa na dada yake kazi ya kumtia moyo mtoto.

Dada yangu anaishi Kibondo mjini, ananunua maharage vijijini na kuyauza kwa wenye malori. Binti yake wa kwanza alimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, akapata ziro. Kwa muda mrefu alikaa ndani, kanga kichwani, akijibu kila swali kwa kichwa tu. Kisha siku moja nilipokwenda kuwatembelea aliniona nikioka, na nilipoondoka alibaki na sufuria. Tangu hapo kila akipata unga anaoka. Keki zake zina tabia moja: pembeni zinaumuka vizuri kabisa, katikati zinazama, kama godoro la gesti.

Dada hakuwa na neno na keki. Neno lake lilikuwa kwamba bibi yetu wa Kagerankanda ana shamba na hana mtu wa kulilima, na kwamba maharage hayamwulizi mtu alipata daraja gani. Akanipigia simu. Akataka kujua kama namwambia mtoto ukweli au namdanganya. Nichague moja, akasema, maana yeye amechoka kuishi na mtu anayecheka asubuhi na kulia jioni.

Nami nilikuwa ndiyo sababu ya vyote viwili. Nilikuwa namtumia mpwa wangu ujumbe wa sauti nikimwambia kwamba siku moja atakuwa na duka lenye vioo, na watu watapanga foleni mpaka barabarani. Nikishautuma, dhamira inaanza kunisuta. Itakuwaje akiamini? Basi natuma mwingine, mrefu zaidi, kuhusu waokaji wote ninaowajua walioacha wakaenda kuuza vocha. Siku moja alinijibu kwa sauti, nyuma yake nikisikia kelele za watu: "Mjomba, sasa nilie au nifurahi? Niambie haraka, niko sokoni."

Hapo ndipo akatokea mzee wa machela.

Simwiti mzee kwa umri. Ni mtu wa makamo, mwenye kifua kipana na filimbi shingoni, anayelima maharage katika kijiji kimoja upande wa Kitahana na kumuuzia dada. Yeye ndiye kiongozi wa chama cha machela kijijini kwake. Mwanawe wa kiume alikuwa anaoa, na jirani yake alikuwa amemwozesha wa kwake kwa keki ya ghorofa mbili. Kwa hiyo alitaka tatu. Aliyasema hayo sebuleni kwa dada, mimi nikiwepo, nikinywa chai. Kabla sijafungua mdomo kueleza habari za uzito, mvua na barabara ile, mpwa wangu aliinua kichwa akasema ataioka yeye.

Dada alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama mzee wa machela. Kisha akatoa hukumu. Keki ikifika nzima, binti atakwenda Kasulu kukaa na mjomba wake ajifunze kazi. Isipofika nzima, Jumatatu yake anapanda gari la Kagerankanda, na habari za krimu asizisikie tena. Binti akakubali palepale. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilijimwagia chai.

Nilijua ghorofa tatu hazitafika. Nasema nilijua, si nilihisi. Keki laini yenye krimu, juu ya barabara ile, baada ya mvua zile: mbili zinafika, ya tatu inateleza. Mtu mzima angemwambia. Mpwa wangu aliponifuata jikoni na kuniuliza, "Mjomba, nitaweza?" nilimtazama uso, ule uso uliotoka chini ya kanga baada ya miezi yote ile, nikasema, "Utaweza."

Halafu nikaenda kufungasha begi. Niliweka krimu ya akiba, vijiti vya mwanzi vya kuegemeza ghorofa, vitambaa safi, maboksi ya kukatia vibao, na kisu changu kirefu chenye meno. Mdomo wangu ulikuwa na imani. Begi langu halikuwa nayo.

Aliioka kwa siku mbili na mimi nikizunguka nyuma yake kama kuku anayetaka kutaga. Katikati zilizama, kama kawaida. Alizigeuza juu chini, shimo likaenda kujificha, akajaza krimu. Nilipotaka kurekebisha ua moja ambalo lilikuwa linatazama upande usio wake, alinipiga mkono kwa mwiko. Ilipokamilika ilikuwa nyeupe, ndefu, imenyooka, nzuri kiasi kwamba nilitoka nje nikavute pumzi. Alikuwa hana kitu cha kuifunika dhidi ya nzi, akachukua chandarua kipya cheupe, akakitundika juu ya vijiti, kikashuka pande zote. Kumbukeni chandarua hicho.

Dada alituazima pikapu yake ya maharage na dereva. Yeye angekuja baadaye kwa bodaboda, kwa njia ya mzunguko, kwa sababu alikuwa na mzigo wa kupakia. Tulikwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Mpwa wangu alikaa nyuma na keki, ameikumbatia bila kuigusa. Tukafika kwenye kijito, na daraja halikuwepo. Magogo yalikuwepo, ila yalikuwa yamelala kwenye matope kila moja upande wake, kama watu waliogombana.

Ng'ambo walikuwa wametusubiri wanaume wa chama, wamevaa suti za harusi, suruali zimekunjwa magotini, na machela imeshushwa chini tayari. Mzee wa machela alipuliza filimbi kutusalimia.

Machela yetu, ambayo wazee huiita ingobyi, ni kitanda kirefu kilichosukwa kwa mianzi na kufungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne wanaichukua mabegani. Vijiji ambavyo gari halifiki, mgonjwa anakwenda zahanati kwa hiyo. Kila nyumba ina mtu chamani, na chama kina sheria. Ya kwanza, ukikutana na machela njiani, unaweka chini ulichobeba, unauliza hali ya mgonjwa, na unaingiza bega lako kwa kipande cha njia. Ukipita moja kwa moja, faini ni debe la maharage. Ya pili, karibu na machela halisemwi neno baya. Huulizi mgonjwa ni nani, huulizi anaumwa nini, na husemi kwamba ni mzito. Unauliza anaendeleaje, na jibu ni moja tu: anaendelea vizuri. Wanasema kuna mgonjwa mmoja wa zamani ambaye alikuwa ameshafariki njiani, na akaendelea vizuri mpaka mlangoni.

Nilimwuliza mzee wa machela, tukivusha keki juu ya ubao, kwa nini sheria hiyo ya pili ni kali hivyo. Akaniambia kwamba mgonjwa ana masikio. Lakini niliona pia kwamba ubavuni mwa machela walikuwa wamefunga mti wa tatu, mtupu, wa akiba. Nikauliza wa nini. Akanitazama kama mtu aliyeuliza swali la aibu mbele ya wakwe, akapuliza filimbi, tukaondoka.

Basi pateni picha. Machela iko mabegani. Juu yake kuna kitu kirefu kimekaa wima ndani ya chandarua cheupe, kama mtu asiyeweza kulala kwa maumivu. Pembeni anatembea binti ameshika ncha ya chandarua, uso umekunjamana kwa wasiwasi. Nyuma yake kuna kijana mwenye begi, naye anakaribia kulia. Mbele kuna filimbi.

Wa kwanza kukutana nasi alikuwa mtu wa baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Aliishusha baiskeli yote pembeni, akavua kofia, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Anaendelea vizuri, akajibiwa. Akaingiza bega. Nilifungua mdomo nimwambie, mzee wa machela akageuza kichwa akanitazama, nikaufunga. Na kweli ningesema nini? Mtu hakuuliza ni nani. Sheria inamkataza.

Wakaja akina mama wanaotoka kupalilia, wakaweka majembe chini, wakatusindikiza kwa wimbo wa kanisani wa polepole sana. Wakaja vijana wa boda waliosukuma pikipiki kwa sababu ya matope, wakaziacha. Hakuna aliyetaka kulipa debe. Bibi mmoja alitoka kwenye migomba yake, akaona chandarua, akaanza kulia. Mpwa wangu hakuweza kuvumilia, akamsogelea akamnong'oneza kwamba ni keki ya harusi. Bibi alifikiri kidogo. Akasema kwamba ameshaanza, wamwache amalize.

Kila baada ya hatua chache mpwa wangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, inaendeleaje?"

Nami nilichungulia chini ya chandarua. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, lile jua kali linalokuja kuomba msamaha. Krimu ilikuwa inatoka jasho. Ghorofa ya juu ilikuwa imeanza kuegemea upande, kidogo, kama mlevi anayesikiliza siri. Ilipofika zamu yangu ya kubeba mambo yaliharibika zaidi, kwa sababu mimi ni mfupi, na keki yote ilianza kunisogelea.

"Inaendelea vizuri," nikamwambia.

Tukafika njia panda. Kulia ni kwa mzee wa machela, ambako turubai lilikuwa linaonekana na spika zinasikika. Kushoto ni zahanati. Msafara wote, na filimbi yake, na wimbo wake, na bibi yetu aliyekuwa bado analia, ukakata kushoto.

Nawaapia hakuna aliyeamua. Nilidhani wao ni wenyeji, labda wanajua njia ya mkato isiyo na mashimo. Baadaye nilielewa. Miaka yote miguu ile imebeba machela, na miaka yote machela imekwenda mahali pamoja tu. Mzee wa machela mwenyewe, baba wa bwana harusi, alikuwa mbele, anapuliza filimbi kwa nguvu ili wenye geti wasikie. Wakasikia. Geti likafunguliwa mbawa zote mbili, na muuguzi akatoka mbio akisukuma kitanda cha magurudumu.

"Amepata nini?" akauliza.

"Anaendelea vizuri," akasema mzee wa machela.

Kisha akatazama ukuta. Akasoma maandishi kuhusu chanjo ya watoto. Akatazama wagonjwa kwenye benchi, akawatazama wenzake katika suti zao, na filimbi ikamdondoka mdomoni ikaning'inia kifuani.

Muuguzi aliinua chandarua. Alikuwa mwanamke mwenye macho ya mtu aliyekesha, na aliitazama keki kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kuchoma sindano.

"Hii ni keki," akasema.

"Ni ya mwanangu," akasema mzee wa machela.

"Na mmeileta kwangu."

"Miguu imezoea, muuguzi."

Kwenye benchi mtu mmoja aliyekuwa na homa alicheka, akakohoa, akacheka tena. Mpwa wangu hakucheka. Aliuliza kama kuna friji. Muuguzi akasema friji ipo na ni ya chanjo, na hata kama angekuja bibi harusi mwenyewe asingeingia humo. Lakini kwa kuwa tulikuwa tumeshafika, na kwa kuwa nadhani mtu wa kazi ile hawezi kuletewa kitu kwenye machela akakirudisha bila kukipima, alizunguka keki yote. Aliinama akachungulia ubavuni. Aliweka kiganja karibu na ghorofa ya juu bila kuigusa, kama anavyopima joto la mtoto.

"Hii ya juu haifiki," akasema. "Hizi mbili za chini ziko imara. Ila mkiiacha hii ya juu, inateremka nazo zote."

Mzee wa machela aliruka. Sijawahi kumwona mtu amekasirika kiasi kile huku akijitahidi kunong'ona. Alimtaka muuguzi ashushe sauti, alimtaka atoke nje, alimwambia mambo hayo hayasemwi mbele ya machela, mgonjwa ana masikio.

"Nikimdanganya," akasema muuguzi, "kesho anarudi kwangu. Harudi kwako."

Mpwa wangu alikuwa ananitazama mimi.

"Mjomba, ulikuwa umeona?"

Siwezi kueleza jinsi nilivyotamani kusema hapana. Nilisema nilikuwa nimeona.

"Tangu wapi? Tangu kwenye migomba?"

"Tangu jikoni."

Nilisubiri alie. Nilikuwa na vitambaa safi kwenye begi, na moja ya sababu nilivichukua ilikuwa hiyo. Kichwani nilikuwa nimeshaona Jumatatu yote: gari la Kagerankanda, jembe, kanga ikirudi kichwani, na mimi nikimtumia ujumbe wa sauti kuhusu uzuri wa maharage. Yeye akanyoosha mkono.

"Nipe kisu."

"Kisu gani?"

"Mjomba. Niliona begi lako siku ile ulipokuwa unafungasha. Unadhani nilithubutu kwa sababu ulisema nitaweza? Wewe unasema hivyo hata kwa mkaa. Nilithubutu kwa sababu niliona umechukua kisu na krimu."

Nikampa.

Kitanda cha magurudumu kikasogezwa kivulini chini ya veranda. Muuguzi alinawa mikono, akavaa glavu, akaishika ghorofa ya juu pande mbili kama anavyoshika kichwa cha mtoto anayezaliwa. Mpwa wangu akapitisha kisu chini yake polepole, ulimi nje. Wanaume wa chama walisimama wamevua kofia. Mzee wa machela alishindwa kutazama, akageukia ukuta wa chanjo, na kila mara akauliza kama wamemaliza. Ilipotoka, mpwa wangu alipaka krimu ya akiba mahali palipobaki, akachomeka vijiti, akapanda yale maua juu yake upya. Ua lile lililotazama upande usio wake alilirudisha vilevile, likitazama upande usio wake. Nadhani alifanya makusudi.

Ghorofa ya juu iligawiwa palepale kwa wabebaji na waliokuwa kwenye benchi. Muuguzi aliikata yeye, akaona ndani ilivyo, na akatoa maelekezo kwa sauti ile ile anayotumia kwa vidonge.

"Pembeni tu. Katikati hapaliwi."

Kisha akatuambia tumeruhusiwa.

Habari ilikuwa imetutangulia. Sijui nani aliibeba, labda spika zilisikia. Tulipofika kwenye turubai hakuna aliyesema keki imechelewa. Watu walisimama, wakaja mmoja mmoja, wakatupa pole na kuuguza. Mama mmoja alileta chupa ya uji. Mwingine alileta mayai kwenye kitambaa, kama unavyompelekea mtu aliyetoka wodini, akayaweka mezani mbele ya keki, akarudi nyuma kwa heshima. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akamshukuru Mungu kwa kuiponya, akaomba ndugu wa mgonjwa wasimame, nikajikuta nimesimama. Watu wakapiga makofi. Ndiyo mara pekee maishani nimekabidhi keki bila kuomba radhi, kwa sababu kila nilipofungua mdomo mtu alinipa pole kabla yangu.

Dada alifika wakati maharusi wanalishana. Alishuka kwenye bodaboda, matope mpaka kiunoni, akaja moja kwa moja mezani, akanyoosha kidole akahesabu. Moja. Mbili. Kidole kikabaki hewani, kinatafuta.

"Nilisema nzima," akasema.

Mzee wa machela alikuja upesi kutoa ushahidi. Alikuwa na nguvu zake zote tena. Akasema kwamba yeye amebeba watu tangu ujana wake, na mtu akikatwa mguu huko hospitali akarudi nyumbani kwake, hakuna anayesema hajafika. Huyu amefika. Na anaendelea vizuri.

"Mzee, mimi sikuuliza habari za miguu," akasema dada. Akanigeukia. "Na wewe? Sema leo. Ukweli, au unanidanganya kama kawaida yako?"

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yake na sahani. Nilikuwa nimeandaa majibu mawili kwa miezi kadhaa, moja la duka lenye vioo, jingine la vocha. Yote mawili yalinitoka kichwani. Likabaki nililoliona.

"Sijui kama atakuwa mwokaji," nikasema. "Katikati bado kunamshinda, na hiyo si bahati mbaya, ni yeye hana subira na moto. Lakini alipoambiwa ya juu haifiki, hakulia. Aliomba kisu."

Dada alichukua kipande kwenye sahani ya binti yake, akala cha pembeni, akatafuna kwa muda, akitazama watu wanaocheza. Nilimwona anatafuta kasoro na nikajiuma ulimi nisimwonyeshe.

"Mpaka maharage yavunwe," akasema mwisho. "Yakivunwa nakuja Kasulu kuonja mwenyewe. Na nitaanza kula katikati."

Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyohamia kwangu. Analala kwenye kona ya pazia, sufuria ziko kwenye kona nyingine, mimi nalala katikati ya unga. Asubuhi anasikia ninavyojiambia mbele ya kioo. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili aliuliza kwa nini nisiukague mkaa jioni, nikachagua mzuri, halafu asubuhi nikasema sentensi moja tu bila nyongeza. Nimejaribu. Sentensi bado inanishinda, lakini mkaa wangu umekuwa mzuri.

Ujumbe wa sauti nimeacha. Tunaishi chumba kimoja, ingekuwa aibu. Ila hofu haijaniacha. Imebadilisha makao tu. Kila lori la maharage likiingia sokoni natoka nje kumwuliza dereva mashamba yakoje huko atokako, na akiniambia mvua imechelewa, mimi narudi ndani nimefurahi. Nadhani mimi ndiye mtu pekee Kasulu anayetaka maharage yakawie. Jana mmoja aliniambia yameshatoa maua.

Leo mpwa wangu amepata oda yake mwenyewe, keki moja, ghorofa moja, ya mtoto wa mwalimu. Mfuniko ulipotolewa aligeuza uso, hakuthubutu kutazama.

"Mjomba, inaendeleaje?"

Nilichoma kijiti pembeni, kikatoka kikavu. Nikachoma katikati.

"Inaendelea vizuri," nikasema. "Ila katikati bado."

Alirudisha mfuniko, akachukua koleo, akaongeza makaa juu yake, akavuta stuli akakaa hapo hapo mbele ya jiko, mikono magotini. Nilitaka kumwambia kitu cha kumtia moyo. Badala yake nilivuta stuli nyingine.